Matembezi ya Jumamosi mjini Meru, na siku Majengo walidhani nimekuja kuwabomolea

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio bado kwa kitanda.

Mimi huku ni mtu wa kusoma na kupita. Leo naandika kwa sababu juzi kuna mtu aliuliza kwa uzi fulani, "Mnaishije kwa mji wenye hamna mtu wenu?" Watu wakamjibu kwa mzaha. Mimi nilitaka kumjibu vizuri, jibu likawa refu, nikaona nifungue uzi wangu.

Nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu. Majina ya watu nimebadilisha. Mji sijabadilisha, ni Meru. Mahali sikumbuki vizuri nitawaambia sikumbuki.

Haya.

Mimi ni mwanamke, kwetu ni Bungoma, upande wa Kimilili. Kazi yangu ni kupima ardhi. Wale mnaona kando ya barabara na jaketi za kung'aa, mmoja ameinamia mashine ya miguu mitatu na mwingine amesimama mbali ameshika fimbo yenye kioo? Mimi ndiye yule wa kuinama.

Kampuni yetu ilipata kazi Meru, nikatumwa. Nikapanga chumba Makutano, nikanunua jiko la gesi na godoro, maisha yakaanza.

Au tuseme kazi ilianza. Maisha yalichelewa.

Niseme mapema kabla hamjanirukia: watu wa Meru si wabaya. Hakuna siku mtu alinitusi. Shida yangu ilikuwa kwamba kila kitu kitamu kilisemwa kwa Kimeru. Ofisini mtu anaanza story kwa Kiswahili, ikifika mahali penyewe anahamia Kimeru, wenzake wanacheka mpaka wanashika meza. Halafu mmoja ananikumbuka.

"Aah, tulikuwa tunasema tu mambo ya ng'ombe."

Ng'ombe gani huyo wa kuchekesha hivyo?

Jioni napika, nakula nikiangalia simu, nampigia mama, nalala. Jumapili naenda ibada ya Kiingereza, narudi, nafua. Mwaka ukaisha hivyo. Nilikuwa nimemwomba bosi anirudishe magharibi, akasema nafasi ikipatikana. Nikawa nangoja nafasi kama mtu amekaa stendi na mzigo wake miguuni.

Wenye mmekaa mji wa ugenini mnajua hali hii. Huumwi, hulii. Unapita tu kwa mji kama upepo.

Siku moja nikaenda Gakoromone kununua ndizi za kupika. Kwa asiyejua, Gakoromone ni soko kubwa la Meru, la vyakula kutoka mashambani, na kwa ndizi sijaona kama hilo. Nikamwambia mama mmoja nataka ndizi.

"Za nini?"

"Za kupika."

"Za kupika aje? Za kuponda? Za kuchemsha na nyama? Ama unataka zile za kuivisha?"

Nikasema nataka tu za kupika. Wale kina mama wakacheka. Si kwa ubaya, lakini wakuu, siku hiyo nilikuwa nimechoka. Macho yakaanza kunichoma hapo katikati ya mikungu ya ndizi.

Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja wa kofia pana na kiondo begani. Akaongea nao kwa Kimeru, wakanichagulia ndizi nzuri, kisha akanigeukia.

"Umekaa hapa kwetu muda gani?"

"Mwaka na kitu, mama."

"Mwaka mzima na hujui ndizi? Kwani nani amekuwa akikulea?"



Huyo ndiye Mwalimu Nkatha. Alifundisha historia miaka mingi, sasa amestaafu. Nikaja kujua kwamba kila Jumamosi asubuhi anatembeza watu mjini kwa miguu, na watu anaowataka hasa ni wageni waliohamia kikazi, kimasomo, au kwa kuolewa. Watalii hana haja nao. Anasema mtalii atarudi kwao asahau, lakini mtu anayelipa kodi ya nyumba hapa lazima ajue amelala juu ya nini.

"Kuja Jumamosi," akaniambia. "Mbele ya makumbusho. Usichelewe, mimi ni mwalimu."

Sikuwa na mpango mwingine. Nikaenda.

Tulikuwa kikundi kidogo. Wengine wamenitoka akilini, lakini wawili lazima niwataje. Mmoja ni Halkano, Mborana wa Marsabit, nesi, mtu wa maneno machache. Mwingine ni Furaha, dada wa Kongo, anasuka nywele karibu na stendi, na ana Kiswahili kitamu ambacho wenyeji walikuwa wanakicheka kwa sababu kimenyooka kuliko chao.

Mimi nilidhani tutaanza na tarehe na majina ya machifu. Mwalimu Nkatha akatusimamisha mbele ya lile jengo la mawe na kuuliza kila mtu siku yake ya kwanza Meru alikula nini.

Nilisema mkate na soda, nimekaa kwa kitanda. Halkano alisema hakula, kwa sababu hakujua hoteli gani ina nyama iliyochinjwa kwa halali, na aliona haya kuuliza. Furaha alisema alikula mukimo, ule mchanganyiko wa viazi na majani uliopondwa, akafikiri ni dawa, kwa vile ni ya kijani.

Tukacheka kwa sauti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka na watu Meru.

Ndipo akatuambia lile jengo, ambalo leo ni makumbusho, lilikuwa ofisi ya mkubwa wa wilaya wakati wa mkoloni. Watu walitembea kutoka Tigania, Igembe na Imenti, wakafika hapo na kungoja nje. "Siku hiyo hata Mmeru alikuwa mgeni hapa," akasema. "Huu mji haukuwa wa mtu. Watu walikuja wakauzoea."

Nikaendelea kwenda. Jumamosi hii tunafuata barabara ya zamani, Jumamosi ijayo tunaingia Gakoromone na kila mtu analazimishwa kusalimia kwa Kimeru na kuomba kupunguziwa bei. Ukisema "muga" vizuri, muuzaji anakuongezea nyanya. Ukisema vibaya anakuongezea pia, kwa huruma.

Nikaanza kuona kitu ambacho sikutarajia. Barabara nilizokuwa nimezipima mpaka sentimita, nikijua upana na mteremko wake, zikaanza kuwa na watu. Hapa palikuwa na fundi wa baiskeli. Huu mkuyu uliachwa kwa sababu wazee walikataa usikatwe. Pale watu walikuwa wanafunga punda zao siku ya soko. Nikipita Jumatatu na mashine yangu naangalia tofauti.

Sasa tufike Majengo, ambako ndiko story iko.

Majengo ni mtaa wa zamani wa Waislamu ndani ya mji. Kuna msikiti, mabucha, maduka madogo na vyumba vya kupanga. Watu wake ni mchanganyiko wa kila mahali. Mwalimu Nkatha alikuwa ameahirisha huko mara nyingi. Asubuhi hiyo akatuambia ukweli wake: "Nimezaliwa hapa Meru, lakini Majengo mimi hupita tu. Leo nitakuwa mgeni pamoja na nyinyi."

Tukaingia polepole. Furaha akapenda mlango mmoja wa mbao wa zamani, akatoa simu apige picha. Mimi nikanyoosha mkono kumwonyesha Halkano jinsi barabara inavyoshuka.

Hapo tu.

Mwanaume mmoja akatoka kwa bucha, aproni kiunoni, anafuta mikono. Nilikuja kujua anaitwa Swaleh. Akamsalimia Mwalimu vizuri, kwa heshima, kisha akanielekezea kidole.

"Mwalimu, wewe nakuheshimu. Umefundisha hata mdogo wangu. Lakini huyu msichana mimi namjua. Alikuwa hapa na mashine. Alipima kutoka kona ya msikiti mpaka huko chini, na hakuna mtu aliambiwa kitu."

Watu wakaanza kutoka milangoni. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu.

Nikasema, "Ni kweli nilipima. Ilikuwa ni ya mtaro wa maji ya mvua."

"Kila mtu husema ni mtaro," Swaleh akanijibu. "Halafu asubuhi tunaamka na tingatinga. Na leo umekuja na wenzako wa kupiga picha. Mnapigia nani picha?"

Furaha akarudisha simu kwa mkoba haraka. Nilitaka kueleza, lakini kwa kazi yetu kuna sheria: wa kupima anapima, bosi ndiye anaongea. Na hata ningeongea, nani angeamini? Sura yangu ilikuwa inajulikana hapo kama sura ya jaketi la kung'aa.

Mwalimu Nkatha akasema, "Swaleh, tumekuelewa. Tunarudi." Akageuza kikundi.

Tulitembea mpaka barabara kubwa. Ndipo Halkano, yule mtu wa maneno machache, akasema, "Hata kwetu mtu akija na mashine tunamuuliza hivyo hivyo. Msimkasirikie."

Sikuwa nimemkasirikia. Nilikuwa najisikia kama mtu amepata nyumba, kisha akaigonga na mzigo wake ikaanguka.

Mwalimu akanishika mkono kabla tuachane. "Si makosa yako. Lakini naona Majengo tutaiacha."

Wiki hiyo sikulala vizuri. Wazo la kwanza lilikuwa niache matembezi, wenzangu waendelee bila mimi. La pili lilikuwa nirudi Majengo. La tatu lilikuwa kumpigia bosi nimkumbushe ile transfer.

Nikampigia bosi. Lakini simu ilipopokewa nikajikuta naomba kitu kingine kabisa.

"Bosi, naweza kuwaonyesha watu wa Majengo mstari wa mtaro unapita wapi?"

Bosi wangu ni Mmeru, mtu mwangalifu, haongei kabla hajafikiria. "Watu wataitiwa mkutano, hiyo iko. Lakini mtu akikuuliza umwonyeshe kwa macho, sioni ubaya. Usiahidi kitu. Na usiende na jaketi."

Siku ya katikati ya wiki tulimaliza kazi mapema. Nikaenda peke yangu. Nilizunguka ile kona ya msikiti kama mtu aliyepotea, na mimi ndiye niliyeichora.

Swaleh alikuwa anakata nyama. Nikangoja wateja waishe.

"Umerudi," akasema bila kuinua kichwa.

"Nimerudi. Sijakuja na mtu, wala sina mashine. Ukitaka nikuonyeshe mtaro unapita wapi, nitakuonyesha kwa mguu, kutoka mwanzo mpaka mwisho."

Akaendelea kukata. Kisha akauliza, "Kwenu ni wapi?"

"Bungoma."

"Na shamba la baba yako likipimwa na mtu hamumjui, mnafanya nini?"

"Baba yangu angetoka na panga," nikasema, kwa sababu ni kweli, namjua baba yangu.

Hapo akainua kichwa. Sikuona tabasamu lakini uso ulilegea. Akaweka kisu chini na kuita kwa ndani, "Mama! Yule msichana wa mashine amekuja!"

Akatoka nyanya mmoja mfupi, buibui nyeusi, miwani imefungwa kwa uzi. Bibi Zaituni, mama yake. Nikainama nikamsalimia kwa Kimeru, "Muga, nyanya." Nilidhani nimefanya vizuri.

Akanijibu kwa Kimeru kirefu chenye sikuelewa hata neno moja, kisha akacheka mpaka miwani ikateremka. "Umeanza kitu hukijui mwisho wake," akasema. "Keti."

Nikaketi kwa baraza yake, ile ngazi pana ya saruji mbele ya nyumba, kando ya bucha. Akanipa chai ya tangawizi. Hakuniuliza mambo ya mtaro kwanza. Aliniuliza mama yangu ni mzima, tuko wangapi, na kama kwetu kunalimwa mahindi peke yake. Mimi pia nikauliza yake.

Babu yake alikuja na msafara akibeba mizigo ya Wazungu kutoka pwani. Mizigo ilipofika, yeye akabaki. Jirani yake alikuwa mpishi, mwingine askari, na kila mmoja alitoka kwao mbali. Hakuna aliyekuwa na shamba huku. Walipewa kipande hicho, wakajenga, ndio maana pakaitwa Majengo. Babu akaoa msichana wa upande wa Mikinduri, Mmeru kamili wa Tigania.

"Kwa hivyo mimi ni mtu wa wapi?" Bibi Zaituni akaniuliza. "Walinizalia hapa. Watoto wangu hapa. Wazazi wangu nimewazika hapa. Na mpaka leo nikienda ofisini, kijana wa juzi ananiuliza, 'Mama, asili yako ni wapi?'"

Wakuu, na mimi nilikuwa nalia ugeni wa mwaka mmoja.

Akamaliza chai yake, akakung'uta nguo, akasema, "Haya. Nionyeshe huo mstari."

Tukaanza kwa kona ya msikiti. Nikamwonyesha: maji yataingilia hapa, yatafuata ukuta huu, hayatagusa duka hili, yatapita kati ya mti na nyumba ya yule fundi. Swaleh akatufuata nyuma na aproni yake. Halafu jirani mmoja. Halafu wengine. Mimi naonyesha kwa mguu, na Bibi kila tukifika mahali anasimama.

"Hapa alikaa Mnubi mmoja, alikuwa anatengeneza saa."

"Hapa kulikuwa na bomba la kwanza. Tulipigana hapo na ndoo, mimi na huyu," akimwonyesha nyanya mwingine aliyekuwa anakohoa kwa kicheko.

Mtu ambaye angetuona angedhani ni yale matembezi ya Mwalimu Nkatha. Mimi nawaonyesha barabara yao itakavyokuwa, wao wananionyesha ilivyokuwa.

Ikawa sawa mpaka tukarudi karibu na bucha.

Hapo nikasimama, kwa sababu nilijua mstari unaenda wapi. Ningeweza kusema pale bado hapajaamuliwa. Ningesema tungoje mkutano, na isingekuwa uongo sana. Watu wote walikuwa wananiangalia na wengine tayari walikuwa wananipenda kidogo.

Nikasema, "Bibi, hapa mtaro unapita kwa baraza yako. Nusu yake iko ndani ya barabara. Itakatwa. Nyumba haiguswi."



Swaleh akavua aproni na kuitupa kwa meza ya nyama. "Nilisema! Si nilisema? Chai mmempa ya nini?"

Mtu mmoja akaanza kuongea juu ya wakili. Mwingine akasema babu zetu, makaburi yetu.

Bibi Zaituni akaketi kwa ile baraza. Akapitisha kiganja juu ya saruji kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe.

Kisha akaniuliza, "Maji yote yatapita humo?"

"Yote, Bibi."

"Hata yale ya kutoka juu kule kwa barabara kubwa?"

"Hata hayo. Ndiyo hasa tunayotaka kuyashika."

Akageukia watu. "Mvua ya mwezi wa nne huingia kwa nyumba yangu ikalala kabla mimi sijalala. Nimeinua godoro kwa matofali tangu mzee wangu akiwa hai. Nyinyi mnalilia saruji." Akanigeukia tena. "Kata."

"Mama!" Swaleh akasema.

"Nimesema akate. Nyumba haiguswi, amesema mwenyewe mbele ya watu. Lakini mimi sitaki kuruka shimo nikienda kuswali na haya magoti. Hapo mlangoni mnifunike."

Nikakumbuka maneno ya bosi. "Bibi, siwezi kuahidi. Lakini nitasema."

"Sijakuambia uahidi. Nimekuambia useme."

Nikasema. Nilimwambia bosi kesho yake, na mkutano ulipoitishwa watu wa Majengo walijaa, kwa sababu sasa walijua wanaenda kuuliza nini. Bibi Zaituni alisimama akaeleza mambo ya magoti yake mpaka mhandisi mwenyewe akainamisha kichwa. Ikakubaliwa mtaro ufunikwe kwa mawe bapa mbele ya milango ya watu.

Kuna wachache hawakufurahi. Jamaa mmoja alipoteza ukuta wa kibanda chake na hajanisalimia tena mpaka leo. Siwezi kusema kila mtu alicheka.

Siku ya kukata baraza, Bibi alitaka niwe hapo. Nikampigia Mwalimu Nkatha kumwarifu tu, na yeye akaleta kikundi kizima. Furaha, Halkano, na wageni wapya wawili. Wakasimama upande wa pili kama watu waliokuja matanga.

Vijana wa kazi wakapiga nyundo. Saruji ya juu ikatoka kwa vipande. Chini yake kulikuwa na saruji nyingine ya zamani, na chini ya hiyo mawe ya mtoni, meusi, yamepangwa kwa mkono. Bibi akawaambia wasimame. Akainama akagusa jiwe moja la pembeni.

Akatuambia kitu ambacho hata Swaleh hakuwa anakijua.

Nyanya yake alipoolewa na yule mpagazi, kwao Mikinduri walimkasirikia. Baba yake alisema asirudi. Lakini alikuwa na kaka. Huyo kaka alikuwa anakuja mjini siku za soko, anapita hapo, anaweka viazi vikuu juu ya jiwe la mlango, anaenda zake. Haingii wala hapigi hodi. Nyanya akitoka anavikuta, na ardhi ya kwao bado imeshika kwa maganda. Alikuwa hatoi ule udongo. Alikuwa anapika na maganda yake.

"Mpaka alipokufa baba yao," Bibi akasema. "Siku hiyo kaka aliingia. Akaketi ndani, akala."

Halkano akageuka upande akajifanya anaangalia msikiti. Mwalimu Nkatha alivua kofia. Miaka yote anafundisha historia, na baadaye aliniambia Mikinduri ndiko kwa mama yake, na hakuwahi kusikia hata mara moja kwamba kuna msichana wao aliolewa Majengo.

Akamuuliza Bibi jina la yule kaka na ukoo wake. Bibi akamtajia. Wakaketi hao wawili kwa ile nusu ya baraza iliyobaki, wakaanza kuhesabu watu kwa Kimeru. Sikuelewa neno. Safari hii haikuniuma hata kidogo.

Mvua za mwaka huu zimepita. Swaleh alinitumia ujumbe wa sauti asubuhi moja: "Mama ameamka, viatu vimekauka." Basi.

Matembezi bado yanaendelea. Majengo siku hizi anayetembeza ni Bibi Zaituni mwenyewe, polepole kwa sababu ya magoti, na Mwalimu Nkatha anafuata nyuma kama mwanafunzi akiuliza maswali mengi. Halkano anakula kila siku kwa hoteli iliyo jirani na bucha. Furaha amepata wateja mtaa mzima, na ule mlango wa mbao ameshaupiga picha.

Nafasi ya magharibi ilipatikana, wakuu. Kakamega, karibu kabisa na nyumbani. Bosi akaniuliza kama bado naitaka, na pia akanitajia kazi nyingine ya Embu. Nikachukua Embu. Mama yangu alidhani nimepata mwanaume. Nikamwambia hapana, ni kwamba kutoka Embu naweza kufika Meru Jumamosi.

Kama kuna somo, kwangu ni hili. Nilikuwa nangoja mji unikaribishe, na huku hata sikuwa nimeuliza nani alikaa hapo kabla yangu. Ukiuliza, watu wanafungua mlango. Na wakikuuliza wewe umekuja kufanya nini, wajibu ukweli wote, hata ule wa kukata baraza. Kukaa muda mrefu peke yake hakusaidii, mimi nilikaa mwaka mzima kwa chumba changu.

Yule jamaa aliyeuliza swali juzi, kama unasoma hapa, jibu langu ndilo hilo. Tafuta mtu akutembeze.

Nyinyi wengine, semeni mlihamia wapi na ni nani aliwafungulia. Hata kama hakuna aliyewafungulia, andikeni tu.

Na wale wa Embu mlioko humu: nimefika Jumatatu. Mji wenu nimeshaupima kidogo, lakini siujui. Jumamosi hii siendi Meru, asubuhi niko huru. Nani ananitembeza?